Mtandao Ukikatika Ofisini, Usikimbilie Kuzima Ruta

Kwa miezi 18, wakazi wa kijiji kidogo cha Aberhosan, huko Wales, walisumbuliwa na intaneti iliyokatika kila siku ifikapo saa 1 asubuhi. Mafundi wa Openreach, kampuni inayotunza nyaya za simu nchini Uingereza, walikwenda wakarudi, wakaenda tena. Walipima, hawakuona kasoro. Walibadilisha kebo katika sehemu kubwa ya njia. Kesho yake, saa 1 asubuhi, mambo yakawa yaleyale.

Mwaka 2020 mafundi hao waliamua kutafuta kwa namna nyingine. Walibeba kipimo cha mawimbi ya redio, wakazunguka kijijini tangu saa 12 asubuhi huku mvua ikiwanyeshea, wakisubiri saa ile ifike. Ilipofika, kipimo kilinasa mshindo mkubwa wa umeme. Waliufuata hadi kwenye nyumba moja ambamo kulikuwa na televisheni kuukuu, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Kila asubuhi mwenye nyumba alipoiwasha, televisheni ile ilitoa mawimbi yaliyovuruga intaneti ya kijiji kizima. Mwenyewe hakuwa na habari. Alisikitika, akakubali kuizima moja kwa moja, na tatizo likaisha.

Dalili iliyowafikisha mafundi kwenye nyumba ile haikuwa ngeni. Saa 1 asubuhi ilikuwa ikisemwa na wanakijiji tangu mwanzo. Kilichokosekana kwa mwaka mmoja na nusu ni mtu wa kuisimamia saa hiyo na kuangalia kinachotokea, badala ya kubadilisha vifaa akitumaini kwamba kimojawapo ndicho kibovu.

Katika ofisi za Afrika Mashariki hali hiyo inajulikana vizuri. Ichukuliwe ofisi ya kawaida ya uhasibu katikati ya Dar es Salaam, tarehe 20 ya mwezi, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za VAT. Saa 9 alasiri kompyuta ya mhasibu inapoteza mtandao.

"Kaka, neti imekata tena!"

Anayeitwa kaka ni kijana anayeshughulikia kompyuta. Kabla hajainuka kwenye kiti, mtu mwingine ameshachomoa waya wa ruta ukutani na kuurudisha. Wenzake wote waliokuwa wakifanya kazi bila shida nao sasa hawana mtandao. Baada ya dakika chache kila kitu kinarudi, kazi inaendelea, na hakuna anayejua kilichotokea. Kwa sababu hakuna anayejua, kitatokea tena kesho kutwa.

Ushahidi unaofutika

Kuzima na kuwasha si ujinga. Ruta ikizimwa husahau makosa yaliyojilimbikiza kwenye kumbukumbu yake, huanza upya mazungumzo na mtambo wa mtoa huduma, na kugawa upya anwani kwa kompyuta. Mara nyingi hilo linatosha kurudisha mtandao. Ubaya wake ni kwamba hufuta pia kila alama ambayo ingemwambia fundi ugonjwa uko wapi. Taa iliyokuwa nyekundu inarudi kuwa ya kijani. Anwani mbovu iliyokuwa kwenye kompyuta inabadilishwa na nzuri. Kumbukumbu za matukio ndani ya ruta nyingi ndogo nazo hupotea umeme unapokatwa. Fundi akifika hukuta ofisi yenye afya na watu wanaolalamika.

Dakika mbili za kuangalia kabla ya kuchomoa waya zingeokoa safari nyingi za fundi. Katika dakika hizo kuna maswali manne tu ya kujibu. Je, ni kompyuta hii peke yake au na za jirani? Inatumia waya au Wi-Fi? Taa za kwenye tundu la waya, kwenye swichi (kifaa kinachounganisha nyaya za kompyuta za ofisi) na kwenye ruta zinawaka vipi? Na anwani ya kompyuta kwa wakati huo ni ipi?

Swali la kwanza lina uzito kuliko yote. Ikiwa kompyuta moja imekata na ya meza ya pili inaendelea, mara nyingi ruta na mtoa huduma hawana hatia, na kuizima ruta ni kuwaadhibu wenzako bure. Kwa kawaida tatizo liko kati ya kompyuta hiyo na swichi, au ndani ya kompyuta yenyewe. Zikikata za chumba kimoja tu, mshukiwa ni swichi ya chumba hicho au waya unaoilisha. Zikikata zote, ndipo macho yahamie kwenye ruta na kilicho nyuma yake. Kwa swali hilo moja tu, lisilohitaji chombo wala utaalamu, sehemu kubwa ya eneo la kutafuta inaondolewa.

Kutoka mezani hadi baharini

Ukurasa wa mfumo wa kodi hauji kwenye kompyuta kwa mruko mmoja. Data hupita kwenye kadi ya mtandao ya kompyuta, kwenye waya au Wi-Fi, kwenye swichi, kwenye ruta, kwenye kifaa cha mtoa huduma kilichofungwa ukutani, kisha kwenye nguzo na mitaro ya mjini, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na kama huduma iko nje ya nchi, mkongo wa baharini. Kituo chochote kikishindwa, mtumiaji huona kitu kilekile: ukurasa haufunguki.

Fundi bomba anayejua kazi hachimbi uwanja mzima akitafuta maji yalipokwamia. Hufungua koki moja baada ya nyingine kuanzia karibu na tangi. Kwa mtandao, koki hizo hufunguliwa kwa amri inayoitwa ping. Iliandikwa Desemba 1983 na Mike Muuss, mtaalamu wa maabara ya utafiti ya jeshi la Marekani, alipokuwa akihangaika na mtandao uliokuwa ukimsumbua. Hutuma ujumbe mdogo kwa kifaa kingine na kungoja jibu, kama nyambizi inavyotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi. Imo ndani ya kila Windows, kila Mac na karibu kila Linux, bila malipo.

Utaratibu wake ni huu. Kwenye Windows mtu hufungua dirisha la amri, huandika ipconfig, na kusoma anwani ya kompyuta yake pamoja na anwani ya ruta. Kisha huipigia ruta kwa ping. Ikijibu, njia ya ndani ya ofisi ni nzima. Baada ya hapo huipigia 8.8.8.8, anwani ya huduma ya Google iliyoanzishwa mwaka 2009, ambayo wengi huitumia kwa sababu ni rahisi kukumbuka na hujibu muda wote. Ikijibu, njia ya kwenda nje ni nzima pia. Mwisho huipigia tovuti kwa jina lake. Namba zikijibu na jina likakataa, kilichokufa ni huduma ya kutafsiri majina kuwa namba, inayoitwa DNS, na dawa yake ni tofauti kabisa.

Kwa mtandao unaokatika na kurudi, ambao ndio unaochosha kuliko uliokufa moja kwa moja, kuna njia inayofaa zaidi. Fungua madirisha mawili ya amri. La kwanza liipigie ruta mfululizo, la pili lipigie 8.8.8.8 mfululizo, kwenye Windows huongezwa alama ya -t mwishoni mwa amri. Yaache yaende huku kazi zikiendelea. Mtandao ukikata, tazama ni dirisha lipi limenyamaza. Yakinyamaza yote mawili, tatizo ni la ndani ya ofisi. La ruta likiendelea kujibu na la nje likanyamaza, simu ipigwe kwa mtoa huduma. Ni vema kulijaribu zoezi hilo siku mtandao ukiwa mzima, kwa sababu kuna ruta zilizopangwa zisijibu ping, na kimya chake kingempotosha mtu.

Waya ndio wa kushukiwa mwanzo

Mafundi wenye uzoefu huanza kwa kugusa waya, na wana sababu. Kebo ya mtandao ina nyaya nane nyembamba zilizosokotwa jozi nne. Mtandao wa kasi ya megabiti 100 hutumia nyaya nne tu. Ule wa gigabiti moja unazihitaji zote nane. Kwa hiyo kebo iliyokatika waya mmoja ndani inaweza isife. Kompyuta hushuka kimyakimya kutoka gigabiti hadi megabiti 100, au hukata na kurudi kila kiti kinapoigusa kebo. Kasi iliyoandikwa kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao ni ya kutazamwa mapema: kompyuta ya meza ya pili ikisoma gigabiti na hii ikasoma 100, huku zikiwa kwenye swichi moja na kadi za aina moja, kebo inastahili kubadilishwa kabla ya kingine chochote.

Ubora wa kebo yenyewe ni habari nyingine. Madukani kuna kebo ambazo nyaya zake si shaba, bali ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ni nyepesi na bei yake ni ya chini, lakini alumini huvunjika ikikunjwa mara kadhaa na hupitisha umeme vibaya kuliko shaba. Viwango vya kimataifa vya kebo za mtandao vinataka shaba. Ofisi inayotandaza kebo ndani ya kuta na dari inanunua kitu cha kukaa miaka mingi. Kuokoa fedha kidogo hapo ni kujiwekea tatizo litakaloibuka rangi ya ukuta ikiwa imeshakauka.

Kuna pia mpaka wa urefu: mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta, pamoja na vipande vya kuunganishia. Stoo iliyo nyuma ya uwanja au kibanda cha mlinzi getini huweza kuvuka kipimo hicho bila mtu kufikiri. Kebo ya shaba inayotoka jengo moja hadi lingine ina hatari ya ziada. Wakati wa masika, radi ikipiga karibu, umeme husafiri ndani ya shaba hiyo na kuunguza matundu ya swichi pande zote mbili. Kati ya majengo panafaa faiba, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme.

Na kwa miji ya pwani, kuanzia Mtwara na Dar es Salaam hadi Tanga, Zanzibar na Mombasa, kuna chumvi na unyevu. Vidole vidogo vya chuma ndani ya tundu hushika kutu polepole, mguso ukawa wa kubahatisha. Kuchomoa na kuchomeka tena hukwangua kutu hiyo kidogo na mtandao hurudi, jambo linalowafanya wengi waamini kuwa waya ulilegea tu. Wiki mbili baadaye unalegea tena.

Kompyuta mbili, anwani moja

Waya ukiwa mzima, kinachofuata ni anwani. Kila kompyuta inayoingia kwenye mtandao huomba anwani, na ruta au seva humpangishia kila mwombaji moja kwa muda maalumu kupitia huduma iitwayo DHCP. Seva za Windows, zisipobadilishwa mipangilio, hutoa anwani kwa siku 8. Nusu ya muda huo ikipita, kompyuta huomba kuongezewa.

Kompyuta ya Windows isipopata anwani hujipa yenyewe moja inayoanza na 169.254. Yeyote anayeiona namba hiyo kwenye ipconfig amepata taarifa nzito: kompyuta iliuliza, hakuna aliyejibu. Ama waya haupitishi, ama mgawaji wa anwani amekufa, ama anwani zimekwisha. Hilo la kuisha hutokea zaidi siku za semina na vikao. Ruta ndogo huweza kuwekewa anwani 100 za kugawa, na kila simu ya mgeni inayounganishwa na Wi-Fi huchukua moja. Wageni wakijaa ukumbini, kompyuta ya karani wa malipo iliyowashwa kwa kuchelewa inakuta hakuna iliyobaki.

Mgawaji wa anwani akifa, dalili zake huwachanganya watu. Ofisi haikati kwa pamoja. Kompyuta ambazo muda wa anwani zao haujaisha huendelea. Zile zinazowashwa asubuhi muda wao ukiwa umeisha hukosa. Ndipo hutokea mabishano ya nani kaharibu kompyuta yake, wakati hakuna aliyeharibu kitu.

Mgongano wa anwani nao una sura yake. Mtu huiwekea printa anwani ya kudumu, tuseme 192.168.1.50, bila kuiondoa kwenye orodha ya zinazogawiwa. Siku ruta itakapoitoa anwani hiyo kwa kompyuta, vifaa viwili vitaitikia jina moja, na kompyuta itakata kila printa inapoamka. Mwenye kompyuta atasema mtandao hukata wakati wa kuchapisha, na watu watamcheka. Amesema ukweli mtupu.

Kisha kuna ruta ya nyumbani. Mfanyakazi anaona Wi-Fi haifiki mezani kwake, analeta ruta yake ndogo, anaichomeka kwenye tundu la ukutani. Nia yake ni njema. Lakini ruta ile nayo imeumbwa kugawa anwani, na ikichomekwa kwa tundu lisilo lake huanza kuzigawia kompyuta za ofisi nzima anwani za mtandao usioenda kokote. Kompyuta inayopata jibu la ruta ya ofisi kwanza inafanya kazi. Inayopata la ruta ngeni inakwama. Dalili ni pale ipconfig inapoonyesha, kwa kompyuta mbili za chumba kimoja, anwani za ruta zisizofanana.

Hewani kuna msongamano

Wi-Fi hutumia mawimbi ya redio, na mawimbi yale ya gigahezi 2.4 yana nafasi ndogo. Kati ya chaneli zake, ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, zisizoingiliana. Katika jengo la ghorofa lenye ofisi nyingi, ruta kumi na zaidi zinaweza kugombania hizo tatu. Jiko la maikrowevu hufanya kazi kwenye gigahezi 2.45, palepale, ndiyo maana kuna ofisi ambazo Wi-Fi ya meza zilizo karibu na chumba cha chai hulegalega wakati wa chakula cha mchana. Hata diski ya nje ya USB 3.0 hutoa mawimbi yanayofika kwenye eneo hilo. Intel ilichapisha vipimo vyake mwaka 2012. Adapta ndogo ya Wi-Fi iliyochomekwa kando ya diski kama hiyo huweza kuzibwa masikio kila faili zinaponakiliwa.

Mawimbi ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa zaidi na kelele kidogo, ila hayapenyi ukuta wa zege vizuri. Kwa kompyuta ya mezani isiyohama, jibu zuri kuliko yote ni waya. Kompyuta inayopokea malipo ya wateja mchana kutwa haina sababu ya kutegemea hewa inayogombaniwa na simu za kila mtu.

Kompyuta inayojilaza na umeme usioonekana

Kuna kukatika kunakosababishwa na kompyuta yenyewe. Windows ina mpangilio unaoiruhusu kuizima kadi ya mtandao ili kuokoa umeme. Mtumiaji anatoka kwenda kuswali au kula, anarudi, anakuta mtandao haupo. Akizima na kuwasha unarudi. Ikiwa malalamiko ni kwamba mtandao hukata kila anaporudi kutoka nje, mpangilio huo utazamwe kabla hajaitwa mtu wa kubomoa dari. Sasisho la Windows lililobadilisha draiva ya kadi usiku wa jana ni mshukiwa mwingine, na tarehe yake imeandikwa ndani ya kompyuta, kwenye orodha ya masasisho.

Umeme hudanganya zaidi. Ofisi nyingi zimeweka UPS, yaani betri ya akiba, kwenye kompyuta na kusahau swichi iliyo koridoni au kile kiboksi cha faiba ukutani. Umeme ukipepesa sekunde moja, kompyuta haitikisiki; swichi hujizima na kuwaka upya, nayo huchukua muda kabla ya kupitisha data. Mtumiaji hakuona taa ikizimika, hakuona chochote, ila anajua mtandao umekata. Swichi iliyofungiwa kabatini bila hewa, chini ya bati, nayo ina tabia ya kukwama joto la mchana linapopanda na kupona jioni. Katika hali zote hizi, kinachomfichua mhalifu ni saa, kama ilivyokuwa kwa Aberhosan.

Wakati mwingine kosa liko mbali

Jumapili ya tarehe 12 Mei, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kaskazini mwa Durban, Afrika Kusini. Jumatatu asubuhi ofisi za Tanzania na nchi jirani zilifunguliwa zikiwa na intaneti ya kusuasua. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulilazimika kusitisha huduma kwa umma kwa siku mbili. Siku zile ruta nyingi zilizimwa na kuwashwa bila sababu. Dirisha la ping lingemwambia mtu kwa dakika moja kwamba ruta yake inajibu kama kawaida na kwamba kilichobadilika ni njia ya nje.

Tarehe 4 Oktoba 2021 ilileta mkanganyiko wa aina nyingine. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ndani ya kampuni ya Facebook iliangusha mtandao wake mkuu, na seva zake za DNS zikatoweka kwenye intaneti. Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Huku Afrika Mashariki ilikuwa jioni. Waliozoea kuipima intaneti kwa WhatsApp waliamini bando limekwisha au laini imekufa, wakati tovuti nyingine zilikuwa zikifunguka. Kipimo cha huduma moja hakitoshi. Mfumo wa serikali ukikwama na tovuti ya gazeti ikafunguka, mtandao wa ofisi ni mzima na kinachosubiriwa ni mfumo huo kurudi.

Umbali wenyewe hupimika. Kabla ya mikongo ya Seacom na EASSy kuanza kazi mwaka 2009 na 2010, sehemu kubwa ya mawasiliano ya kimataifa ya ukanda huu ilipita kwenye setelaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya dunia. Ujumbe kwenda na kurudi ulihitaji kama nusu sekunde, hata mitambo ikiwa mizima. Leo mtu akiona jibu la ruta linakuja kwa milisekunde moja na la Ulaya kwa zaidi ya mia moja, hana haja ya kushtuka, ni safari. Cha kushtua ni ruta ya chumba cha pili kujibu kwa mamia ya milisekunde.

Waliokusanya ushahidi

Trey Harris, aliyekuwa akisimamia barua pepe za chuo kikuu kimoja cha Marekani, alisimulia mwaka 2002 jinsi mkuu wa idara ya takwimu alivyompigia simu kudai kwamba idara yake haiwezi kutuma barua pepe zaidi ya maili 500, kama kilomita 800 hivi. Dai hilo lilionekana kichekesho. Lakini wanatakwimu walikuwa wametumia siku kadhaa kukusanya data kabla ya kupiga simu, na Harris alipojaribu mwenyewe, akakuta ni kweli. Seva ilikuwa imesasishwa na mtu mwingine, programu ya barua ikarudi kwenye toleo la zamani, na muda wa kusubiri jibu ukawa sifuri, ambao kwa mashine ile ulikuwa sawa na milisekunde tatu hivi. Katika muda huo mwanga husafiri karibu kilomita 900. Bila ramani ya wanatakwimu wale, angetafuta kwa muda mrefu.

Kisa kingine, cha Boston nchini Marekani, ni kizito zaidi. Novemba 2002, mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess ulianguka. Ulikuwa umekua kidogokidogo, swichi ikiongezwa juu ya swichi, hadi mlolongo ukazidi swichi saba ambazo utaratibu wa kuzuia data isizunguke bila mwisho uliwekewa kama kikomo. Mzigo mkubwa wa data ulipoingia, utaratibu huo ulishindwa na data ikaanza kuzunguka. Wahudumu walirudi kwenye karatasi kwa takriban siku nne: maagizo ya dawa, majibu ya maabara, kila kitu kwa mkono. Mkuu wa teknolojia wa hospitali, Dkt. John Halamka, alilieleza tukio hilo hadharani ili wengine wajifunze, na miongoni mwa hatua zilizofuata ni kwamba hakuna mabadiliko ya mtandao ambayo yangefanywa tena bila kuchunguzwa na kuandikwa.

Ofisi ndogo ya Kariakoo au Nakuru haina swichi za kuhesabika kwa mamia, ila inaweza kujiletea hali hiyohiyo kwa waya mmoja. Mtu anayesafisha chumba anaona kebo inaning'inia, anaichomeka kwenye tundu lililo wazi la swichi ileile inakotoka. Swichi za bei nafuu zisizo na kinga huanza kurudishiana ujumbe bila kikomo, taa zote humemeta kwa pamoja kwa kasi, na ofisi nzima husimama. Anayejua dalili hiyo huchomoa kebo moja baada ya nyingine hadi taa zitulie. Asiyejua huita mtoa huduma.

Jumatatu hii, meneja yeyote wa ofisi anaweza kuweka daftari la kurasa chache kando ya meza ya mapokezi. Kila mtandao unapokata, anayekuwepo aandike tarehe, saa, kompyuta zilizokata, zinatumia waya au Wi-Fi, rangi ya taa za ruta, anwani iliyoonekana kwenye ipconfig, na kilichokuwa kikiendelea: umeme umepepesa, mvua, kuchapisha, kikao cha wageni. Fundi apewe daftari hilo kabla ya kupewa kiti, naye aongeze alichobadilisha, kitu kimoja kwa wakati, ili ijulikane kipi kimeponya. Ukutani pabandikwe mchoro wa kebo zinakotoka na zinakokwenda, kila kebo ikiwa na lebo, pamoja na namba ya mkataba na simu ya mtoa huduma. Kabatini pawe na kebo mbili nzima za akiba. Swichi na kiboksi cha faiba viunganishwe kwenye UPS. Na anayeripoti kwamba mtandao wake hukata kila saa 9 alasiri aulizwe maswali, asizomewe.

Mtoa huduma akipigiwa simu na mtu anayesema, "Tangu Jumanne, kati ya saa 8 na saa 10, ruta yetu inajibu lakini nje hakujibu, taa ya faiba inageuka nyekundu," hawezi kumwambia ajaribu kuzima na kuwasha. Itabidi atume mtu aje kupima faiba, na aje saa 8.